Saa ya kompyuta ya saiba inarudi nyuma, nitarudishaje seti (settings) za mwanzo?

saiba_kayole: Wadau habari zenu, niko na saiba ndogo hapa Kayole, mashine nne, tatu hazina shida lakini hii moja ya Windows 10 kila asubuhi nikiwasha inaniambia ni Januari 2019, na tarehe ikiwa hivyo tovuti karibu zote zinakataa kufunguka, ati si salama, na mteja amesimama hapo na fomu mkononi ananiangalia tu. Jana nimeweka betri mpya ya ndani, ile CR2032 ya duara, tarehe haipotei tena ila saa bado haiko sawa na nikijaribu kuisawazisha inasema huduma haijaanzishwa. Kuna kijana alikuja kuifanya iwe fasta akazima vitu vingi, sijui vipi. Sitaki kuweka Windows upya, kazi za wateja ziko humo.

fundi_wa_mtaa: Pole dada, Windows usiguse. Hiyo ni W32Time, huduma ya Windows ya kusawazisha saa, imevurugwa. Tafuta cmd (ile ya kuandika amri), raiti kliki, fungua kama administreta (hapa ndio wengi hukosea), halafu mstari mmoja mmoja na enta:

net stop w32time
w32tm /unregister
w32tm /register
net start w32time
w32tm /resync

Wa kwanza ukilalamika kwamba haijaanza, songa tu. Unregister inafuta seti zote za hiyo huduma, register inaziandika upya kama ilivyokuja, na seva ya kuchukulia saa inarudi time.windows.com.

kamau_wa_neti: Ongeza hii, kabla ya resync weka tarehe kwa mkono kwanza. Mashine isiyo kwa domeini (mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva kuu) ikipishana zaidi ya masaa 15 hukataa kujirekebisha. Na ukiona imepishana masaa matatu kamili, hiyo si huduma, angalia kama umechagua Nairobi, UTC+3.

saiba_kayole: Unregister imekataa, ati sina ruhusa, na nimefungua kama administreta!!

fundi_wa_mtaa: Kama uko na dirisha la Services wazi lifunge, restati mashine, rudia kutoka juu. Ikikubali andika w32tm /query /status uone Source, yaani saa inatoka wapi, inasema nini.

saiba_kayole: Kweli lilikuwa wazi huko nyuma! Nimerestati nikarudia yote, Source inasoma time.windows.com na saa iko sawa na ya simu yangu hadi dakika. Asanteni sana jamani, yule wa fomu bado yuko hapa, wacha nimprintie.

kamau_wa_neti: Kesho asubuhi ukiwasha angalia tena kabla wateja hawajaingia, utuambie.