Minyaa, mbono, oleanda au mshubiri? Mbuzi wanamaliza kila ninachopanda (Dodoma)

Mgeni wa Nala
Wakuu, habari za jioni. Nimehamia kwenye nyumba yangu na ukuta bado, fedha imeishia kwenye bati. Mvua zikianza nataka kupanda mimea ya kudumu mbele ya nyumba: inayotoa maua, inayoziba mpaka, na ambayo mbuzi hawaili. Kundi linapita hapa kila jioni. Jirani anasema minyaa, shemeji anasema oleanda, fundi ananiambia mkonge, na muuza miche wa barabarani ananisukumia bogenvilia. Fedha ninayo ya msimu huu tu. Nichague ipi?

BustaniKavu
Mkuu, mengi hujasema. Udongo wako ni ule mwekundu wa kichanga, au mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi na kutuamisha maji masika? Maji unatumia ya bomba au ya kisima? Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, ukimwagilia sana udongo unabaki na ukungu mweupe juu na miche inaungua ncha za majani. Una watoto? Mpaka una urefu gani? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mama Tuma
Bogenvilia usinunue kwa ajili ya mbuzi, mwanangu. Miiba ile haiwazuii, wanachuma jani mojamoja kwa ncha ya midomo mpaka tawi linabaki fimbo. Mimi napigia debe mshubiri. Jani lake ni chungu, halihitaji maji ya kila siku, na maua yake mekundu yanatoka wakati kila kitu kingine kimekauka. Ndege chozi hawaondoki hapo. Machipukizi utapewa bure na mtu yeyote anayeyapunguza kwake.

Mgeni wa Nala
Asanteni. Udongo ni mwekundu. Watoto ninao wawili, wadogo. Mpaka wa mbele ni kama hatua thelathini.

Mzee wa Chinyika
Kama una watoto wadogo, minyaa ifikirie mara mbili. Nasema hivi kwa sababu ya kilichompata mtoto wa dada yangu. Alikuja likizo akatusaidia kupunguza ua wa minyaa uliokuwa umeinamia njia. Alikuwa anakata kwa panga akitazama juu, na ule mmea ukikatwa utomvu hautoki taratibu, unaruka. Tone moja likaingia jicho la kulia. Akajifuta kwa mkono, na mkono ule ulikuwa umeshajaa utomvu, basi na jicho la pili likapata. Kufika usiku hakuweza kufumbua hata moja, analia kwamba ni pilipili na mchanga kwa pamoja. Jirani mmoja akaleta dawa ya majani ya kumkamulia. Dada yangu akakataa, akaendelea kummwagia maji safi, mengi, mpaka tukapata bodaboda ya kumpeleka hospitali. Daktari akasema yale maji ndiyo yaliyosaidia. Alipona, lakini kwa siku kadhaa alikaa gizani na kitambaa usoni. Tangu hapo kwangu hakati mtu minyaa bila miwani na nguo ya mikono mirefu, na watoto hawasogei.

Simkatazi mtu. Minyaa inakubali ukame wetu kuliko karibu mmea wowote, na mbuzi kweli hawaigusi. Ukiamua kuipanda, kata vipande, viache kivulini siku chache jeraha likauke, ndipo uchomeke. Ukichomeka vibichi kwenye udongo uliolowa vinaoza.

Ihumwa Juu
Pole kwa kijana, mzee. Kwa hiyo apande mbono, ule mbono kaburi (jatropha). Mbuzi hali, vipande vinashika upesi, na ukibananisha hatua ndogo ndogo ua unafunga.

Mzee wa Chinyika
Mbono nao una mbegu zenye sumu. Mtoto akizila ni kutapika na kuharisha. Na msisahau miaka ya 2000 watu walivyohimizwa kuulima kwa ajili ya dizeli. Mafuta hayakuwalipa. Miti mingi iliyobaki ni ya ua tu.

Ihumwa Juu
Kwa ua hakuna mwenye malalamiko, mzee wangu. Biashara ya mafuta ni habari nyingine.

Mganga wa Mifugo
Oleanda naiongelea kwa uzito. Ni kweli mbuzi wengi wanaikwepa ikiwa mbichi, lakini sumu yake inagonga moyo, na majani yaliyokauka yana sumu ileile huku uchungu ukiwa umepungua. Mtu anapogoa, anatupa matawi nje ya kiwanja, mbuzi wa jirani wanayakuta. Majani machache tu yanatosha kumuua mbuzi. Ukishaua mbuzi wa mtu hapa kwetu hiyo si kesi ya maua tena. Na kwa watoto wako ni hatari hiyohiyo.

Jambo la pili. Mnasema "hawali" kana kwamba mbuzi wa Machi na wa Oktoba ni mmoja. Mvua zetu zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, baada ya hapo ni kiangazi kitupu. Mbuzi wa Oktoba hana kitu cha kijani popote, anaonja hata mwarobaini. Na mche uliotoka kitaluni umeleweshwa maji na samadi, ni laini. Hata asipoupenda atakuwa ameshaung'oa na mizizi yake.

BustaniKavu
Hapo ndipo penyewe. Mmea wowote utakaochagua, kiangazi cha kwanza uzungushie matawi ya mgunga. Kitako cha tawi kielekee kwenye mche, ncha zenye miiba zitazame nje, halafu ukandamize kwa jiwe. Ukiweka kinyume mbuzi anashika kitako kwa mdomo na kulivuta lote. Zaidi ya hapo koroga kinyesi chao wenyewe na maji, nyunyiza kwenye majani. Hawali kilichonuka mavi yao. Mvua ikinyesha unarudia.

Mama Tuma
La kinyesi nalithibitisha, hata kwenye mchicha nafanya, ila si siku za karibu na kuchuma.

Mwana Dodoma
Samahani wakubwa, kwa nini mwenye maua ndiye ahangaike? Mwenye mbuzi awafunge. Mbona Kondoa waliweza? Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) uliondoa mifugo yote kwenye eneo lililomomonyoka mwaka 1979, na milima ile ikarudisha majani.

Mganga wa Mifugo
Kweli ardhi ilipona, nimeiona. Lakini watu walilala bila maziwa na bila mifugo yao, wengine wakaihamishia mbali kwa ndugu. Ng'ombe wa kulishwa bandani walikuja baadaye. Usiitaje kama jambo jepesi. Mfugaji kuambiwa aondoe mifugo ni kuambiwa aondoe akiba yake yote.

Mwana Dodoma
Sijasema aondoe, nimesema afunge na alishe. Mji unakua, viwanja vinapimwa, mbuzi hawawezi kuendelea kuchunga mitaani.

Ihumwa Juu
Kulisha kwa nini Oktoba? Robota la nyasi likifika huku ni ghali.

Mgeni wa Nala
Oleanda nimeiacha kabisa. Nawaza mshubiri mbele na mbono pembeni watoto wasikopita, au mkonge badala ya mbono. Fundi bado anashikilia mkonge.

Mama Tuma
Mkonge una ncha kama sindano, usawa uleule wa macho ya watoto. Weka mbali na njia au kata zile ncha kwa mkasi.

Mwana Dodoma
@Mganga, mabingobingo yanaweza kukubali huku ili mtu alishe bandani?

Mganga wa Mifugo
Bila kumwagilia hayatavuka kiangazi. Tafuta mbegu za senkrasi, nyasi inayolimwa Kongwa kwa miaka mingi. Inakatwa baada ya mvua, inakaushwa na kuhifadhiwa. Fungua uzi wake, nitaeleza namna ya kuipanda, hapa tumeshamwacha mwenye maua.