Kikundi cha Ukoo: Usaili wa Neema wa Urubani

Neema: Shikamooni wazazi wangu, na ndugu zangu wote habari za jioni. Nimeitwa wiki ijayo kwenye usaili wa nafasi ya rubani msaidizi katika shirika linaloendesha ndege za pangaboi, zile zinazokwenda Zanzibar, Mwanza na Bukoba. Kutakuwa na jaribio la kompyuta, maswali ya kitaalamu, mahojiano mbele ya jopo na zoezi katika simuleta, yaani mtambo wa kuigiza urushaji wa ndege. Naomba ushauri wenu, hasa wa Baba Mkubwa ambaye kazi hii ameifanya hadi kustaafu.

Mama: Marahaba mwanangu. Alhamisi tutakuwa tumefunga na kuomba. Suti ya bluu nimeshaipeleka kwa dobi.

Baba Mkubwa: Marahaba, Neema, na hongera. Kwanza ondoa wazo kwamba wanakuita ili wajue kama unaweza kurusha ndege, kwa sababu jambo hilo limekwisha kuthibitishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilipokupa leseni. Wanachotaka kujua ni kama kapteni anaweza kukaa nawe katika chumba kidogo kwa saa nyingi, siku baada ya siku, akiwa na hakika kwamba ukiona jambo baya utalisema, na kwamba ukikosolewa hutanuna. Kila swali watakalokuuliza, hata la hesabu, lina swali hilo ndani yake.

Baba Mkubwa: Tuanze na karatasi, maana huko ndiko vijana wengi huangukia kabla hawajafungua mdomo. Daftari lako la saa za kuruka lijumlishwe ukurasa kwa ukurasa, lisainiwe, na jumla yake ilingane na ile uliyoiandika kwenye fomu ya maombi. Usizungushe saa 236 zikawa 250. Leseni, cheti cha afya cha daraja la kwanza na uthibitisho wa kiwango cha Kiingereza viwe halisi, na tarehe zake zisiwe zimekaribia kwisha. Kumbuka kwamba kiwango cha nne cha Kiingereza, ambacho ndicho cha chini kinachokubaliwa kimataifa, hupimwa upya baada ya miaka mitatu.

Neema: Cheti changu cha afya bado kina miezi saba, na Kiingereza nilipewa kiwango cha tano, hivyo nina miaka sita. Daftari nitalipitia usiku huu.

Binamu Juma: Mimi sijui ndege, lakini nimekaa kwenye majopo ya usaili hapa Nairobi kwa muda mrefu kiasi cha kuchoshwa na sentensi moja, nayo ni ile ya "tangu utotoni nilikuwa na ndoto." Wote wanaisema. Ukiulizwa kwa nini unalitaka shirika hili, eleza unachojua kulihusu: aina za ndege zake, vituo inavyotua, na kwa nini rubani kijana hujifunza zaidi anapotua mara nne au tano kwa siku kwenye viwanja vidogo kuliko anapovuka bahari usiku kucha huku mtambo ukiongoza ndege. Vilevile andaa visa vyako mapema. Watakuomba ueleze wakati ulipotofautiana na mkubwa wako kazini, na wao hawataki hadithi unayoibuka nayo shujaa. Wanataka hali ilivyokuwa, ulichofanya wewe mwenyewe, na kilichofuata.

Mjomba wa Mwanza: Na mshahara aulize lini?

Binamu Juma: Mjomba, asubiri mpaka wao walitaje. Ila akipewa nafasi ya kuuliza, aulize kuhusu mkataba wa mafunzo, kwa kuwa mashirika mengi humlipia rubani mpya mafunzo ya aina ya ndege na kumfunga kwa miaka kadhaa ili asiondoke mapema. Hilo ni swali la mtu makini, wala si la mtu mwenye tamaa.

Baba Mkubwa: Sasa nikupime kidogo. Kwa nini ndege ile ile, yenye uzito ule ule, inahitaji njia ndefu zaidi kuruka Nairobi kuliko Dar es Salaam?

Neema: Kwa sababu Uwanja wa Jomo Kenyatta uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini hutoa nguvu ndogo zaidi, na ingawa kasi inayosomwa kwenye saa ya ndege ni ile ile, kasi halisi juu ya ardhi huwa kubwa zaidi, kwa hiyo ndege hukimbia umbali mrefu kabla ya kuinuka. Joto la mchana likiongezeka hali huwa mbaya zaidi, na pengine italazimu kupunguza abiria au mizigo.

Baba Mkubwa: Vizuri. Na sasa uko Ziwa Victoria alfajiri. Kwa nini unatarajia radi saa ambayo Dar es Salaam anga ni shwari?

Neema: Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo hutoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani, hewa hukutana katikati na kupanda juu, na mawingu ya radi hujengeka hadi karibu na mapambazuko.

Mjomba wa Mwanza: Huyo ameshafaulu. Hayo ninayaona kila asubuhi nikiwa barazani.

Baba Mkubwa: Asikurupushe mtu, Mjomba, swali halisi ndilo hili linalofuata. Umefika juu ya Bukoba, mvua imefunika uwanja, na kapteni anasema mzunguke kidogo, itapita. Hapo jopo halitaki jibu la "nitamtii" wala la "nitamkatalia". Linataka kusikia mafuta. Mwambie kapteni mnayo kiasi gani, mnahitaji kiasi gani kufika Mwanza na kubaki na akiba ya mwisho ya dakika 30, na kwa hesabu hiyo mnaweza kuzunguka kwa dakika ngapi kabla ya kulazimika kuondoka. Mkishakubaliana juu ya dakika hizo, saa ndiyo inayoamua, na ubishi haupo tena. Sasa hesabu ya kichwani: unakuja Zanzibar, uko futi 21,000, na uwanja uko karibu na usawa wa bahari. Kwa kanuni ya kuzidisha maelfu ya futi mara tatu, utaanza kushuka ukiwa maili 53 za baharini kutoka uwanjani. Je, ukiambiwa ubaki juu kwa maili kumi zaidi, utafanyaje?

Neema: Asante sana Baba Mkubwa kwa mafunzo haya, na unisamehe kama nitakuwa nimekuelewa vibaya, kwa kuwa wewe una uzoefu ambao mimi sina. Huenda simu yangu haikuonyesha vizuri, lakini nilipojaribu kupiga hesabu hiyo nilipata tofauti kidogo. Nadhani pengine ingekuwa maili 63.

Baba Mkubwa: Ni 63. Lakini hebu usome tena ujumbe wako. Umeomba radhi, umesingizia simu, umeweka "nadhani" na "pengine" pamoja, na namba yenyewe imekuja mwisho kabisa. Kwa kasi ya ndege zile, mmeshasogea zaidi ya maili moja kabla sijajua kwamba nimekosea.

Shangazi Rehema: Kaka, ulikosea makusudi au ni umri?

Baba Mkubwa: Tuendelee. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia zikiwa ndani ya ukungu, na watu 583 walikufa. Kapteni wa KLM alikuwa mkufunzi mkuu aliyeheshimiwa na kila mtu. Alipoanza kukimbiza ndege bila ruhusa ya kuruka, fundi wa ndege aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile ndege ya Pan Am haijatoka njiani. Kapteni akajibu kwa uhakika kwamba imetoka, na fundi hakuuliza tena. Soma pia ripoti ya ndege ya Kenya Airways iliyoanguka Douala tarehe 5 Mei 2007 ikiwa na watu 114, wote wakafa. Ndege iliinama polepole upande wa kulia gizani, na kati ya marubani wawili hakuna aliyehakikisha kama mtambo wa kuongoza ndege ulikuwa umewashwa.

Baba Mkubwa: Utakapoulizwa utafanya nini kapteni akikosea, jibu kwa ngazi. Kwanza unauliza. Asipobadilika, unasema waziwazi unachokiona pamoja na namba yake. Asipobadilika tena, unamtaka achukue hatua fulani, kwa mfano kuachana na kutua na kupaa upya. Hatari ikiwa imefika na yeye hajibu, unashika usukani na kutangaza kwamba umeushika. Heshima yako utaionyesha mkiwa chini, mnapopokea chai.

Neema: Nimeelewa. Ningepaswa kusema "ni 63, si 53," basi. Na kwa swali lako, nikibakishwa juu nitapunguza kasi mapema ili nikiruhusiwa niweze kushuka kwa mteremko mkali zaidi, na isipotosha nitaomba mzunguko mmoja badala ya kulazimisha. Je, kuhusu simuleta?

Baba Mkubwa: Hawatarajii uijue ndege ile. Wataangalia kama jaribio la pili ni bora kuliko la kwanza. Injini ikifa baada ya kasi ya uamuzi, ile ambayo ukishaipita huwezi tena kusimama salama njiani, endelea kupaa, inyooshe ndege, na usiguse swichi yoyote kwa pupa. Kurusha kwanza, kisha mwelekeo, halafu ndipo mazungumzo na mnara. Jaribio la kompyuta, lile la kushika namba huku ukifuata nukta kwenye skrini, lifanyie mazoezi kidogo kila siku na ulale mapema, basi.

Neema: Na swali nisilolijua?

Baba Mkubwa: Sema hulijui, kisha taja kitabu ambamo ungelitafuta. Mwenye kubuni jibu ofisini atabuni hewani. Njoo kwangu tufanye mazoezi ya jopo, nami nitamwita rafiki yangu mmoja aliyekuwa mkaguzi. Tukutane Alhamisi saa kumi jioni.

Neema: Alhamisi ni siku ya usaili, Baba Mkubwa. Tukutane Jumatano.

Baba Mkubwa: Jumatano, saa kumi. Uje na daftari.