Tupeane uzoefu: LazyTown ilivyotuendesha majumbani (Mbeya, Iringa, Njombe njooni)

Mwana_Forest
Wakuu habari za jioni. Leo nahamisha kabati, nimekuta CD imekwaruzika vibaya, juu imeandikwa kwa maka peni "LAZI TAUNI". Nimecheka peke yangu kama chizi. Kwa waliosahau, ni kile kipindi cha watoto kwenye runinga, cha watu wa Iceland: Sportacus, jamaa wa nguo za buluu na masharubu, anapiga sarakasi mji mzima, na yule mvivu Robbie Rotten anaishi chini ya ardhi, kazi yake kupanga njama watoto wasicheze, wakae wale keki. Baadaye, 2008, kikazaa kipindi kingine, LazyTown Extra, vituko vifupi vifupi na mambo ya afya humo humo. Mwanangu alikiona, akagoma chai ya sukari. Juni hiyo, Forest ya Zamani hapa Mbeya, baridi inatoboa mifupa, mtoto anataka maji na karoti mbichi. Kwenu ilikuwaje? Mwageni.

Binti_Uyole
Karoti ziliisha bustanini kwetu. Baba akawa anauliza nani kaleta sungura.

BodaSae
Mimi nilikuwa upande wa Robbie Rotten. Nilale, nile, mnisumbue wa nini?

Mnyalu_wa_Kihesa
Kamwene. Watu hawajui yule Sportacus hakuwa anaigiza tu. Magnús Scheving ndiye aliyekibuni kipindi, na alikuwa bingwa wa Ulaya wa aerobiki 1994 na 1995. Kwenye runinga kilianza 2004, kabla ya hapo kilikuwa mchezo wa jukwaani kwao huko. Sasa mtoto wa dada yangu akaruka kutoka juu ya kochi akidhani ni jambo la kawaida. Meno mawili ya mbele. Bahati yalikuwa ya utoto.

Mama_Wawili
Wa kwangu aliruka kutoka kwenye mwembe. Tuendelee.

Mjukuu_wa_Tukuyu
Acheni karoti na meno yenu, nisimulie mimi.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa darasa la pili. Likizo ya Desemba tukapelekwa kwa bibi, Rungwe kule juu migombani, mvua haikatiki. Hakuna TV, tukajua tumepona. Kumbe dogo kasafiri na kipindi kichwani. Mnakumbuka Sportacus akionja sukari tu analegea, anaanguka chini puu, hanyanyuki mpaka apewe tofaa? Haya.

Asubuhi bibi katupikia chai ya maziwa. Maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, na sukari kamimina bila huruma kwa sababu wajukuu wa mjini wamekuja. Dogo akapiga fundo moja. Akaweka kikombe chini taratibu. Akasimama katikati ya jiko, magoti yakaanza kutetemeka, mkono mmoja kwenye paji la uso, halafu PAA, kando ya mafiga. Macho kayapindua, weupe mtupu.

Bibi alipiga yowe, watu wakaacha majembe shambani. "Degedege! Mjukuu wangu jamani!" Jiko likajaa. Huyu anasema asiguswe, yule anasema afukizwe, mwingine anatafuta kijiko amtie mdomoni. Mimi najua kinachoendelea, nikasema, "Bibi, anaigiza huyo." Mama mdogo akanizaba kofi: mwenzako anakufa wewe unaleta upuuzi? Dogo naye kusikia vilio vile akaona akifumbua macho leo ataliwa mzima, basi akakaza.

Wakampakia bodaboda, bibi nyuma kamkumbatia, kanga inaburuzika kwenye tope, mpaka zahanati. Mganga akampima joto, akamfunua jicho, akamfinya kidole. Kimya. Akamwangalia kwa muda, akasema kwa sauti, "Nesi, lete ile sindano kubwa."

Dogo akanong'ona, "Tofaa."

Bibi: "Anasemaje?"

"Nipeni tofaa."

Tofaa! Kutoka Rungwe mpaka Makete wanakolima matofaa ni leo? Mama mmoja kwenye foleni akachomoa ndizi mbivu kwenye kapu lake. Dogo akaing'ata, akakaa, akaruka kutoka kitandani, mikono kiunoni, kifua mbele. Zahanati nzima wanamtazama. Bibi akavua kandambili.

BodaSae
Kandambiliiii 😂😂😂 hiyo ndiyo tiba, Sportacus hakuifundisha

Binti_Uyole
Abiria wamenigeukia kwenye daladala. Halafu mmeona? Ndizi imefanya kazi ya tofaa. Rungwe oyee.

Muuguzi_Mstaafu
Nimecheka, ila hapo kwenye kijiko nisimame kidogo. Mtu akiwa na degedege asitiwe kitu CHOCHOTE mdomoni. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, mwahishe kituo cha afya. Na sukari haimwangushi mtu vile; mwili ukipungukiwa na sukari ndipo mtu huweza kuanguka. Kile kipindi kilikuwa kinatania.

Mnyalu_wa_Kihesa
Sasa turudi kwenye hoja. Sisi huku shida si keki. Takwimu za taifa za 2022: Iringa watoto chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 57 hivi, Njombe nusu, wakati wastani wa nchi ni 30. Mikoa inayolisha nchi! Wazazi wajirekebishe, wanauza kila kitu.

Mama_Wawili
Wazazi nani? Sema akina mama, usizunguke. Mama anatoka alfajiri na jembe, mtoto anabaki na dada yake wa miaka tisa na sufuria la uji mtupu. Mayai yameuzwa, ada ilipwe. Baba yuko kwenye ulanzi, pombe ya mianzi. Hilo nalo liweke kwenye takwimu zako.

Mnyalu_wa_Kihesa
Dada, ulanzi umeingiaje hapa?

Mama_Wawili
Umeingia kwa mlango wa mbele, kila jioni.

BodaSae
Na parachichi zetu zinapanda meli kwenda kuwanenepesha watoto wa akina Sportacus.

Mtu_wa_Kyela
Sisi tuna mchele na samaki wa ziwani, hayo hayatuhusu.

Binti_Uyole
Toka na Kyela yako.

Mwana_Forest
Jamani msigombane. Wa kwangu nilimpa unga wa lishe: mahindi, ulezi, ngano, mtama, mchele, soya, karanga, vyote pamoja.

Muuguzi_Mstaafu
Hapana, hapana. Nafaka moja, na jamii ya kunde au karanga kiasi. Ukirundika nafaka tano, bado ni wanga juu ya wanga. Mboga, tunda, yai au dagaa weka pembeni.

Mama_Wawili
Wa kwangu alikula mchanganyiko huo huo, sasa hivi ni askari na mlango anaingia kwa kuinama.

Muuguzi_Mstaafu
Hongera kwa mlango.

Mnyalu_wa_Kihesa
BodaSae, yule Robbie wako, Stefán Karl Stefánsson, alifariki Agosti 2018. Saratani. Miaka 43 tu.

BodaSae
Daah. Sikujua. Apumzike, alitupa raha sana yule.

Mwana_Forest
Apumzike. Mjukuu, dogo yuko wapi siku hizi?

Mjukuu_wa_Tukuyu
Yuko Mwanjelwa, anauza juisi ya miwa.

Muuguzi_Mstaafu
Ya MIWA?

Mjukuu_wa_Tukuyu
Yeye haionji. Anauza tu.

BodaSae
Upande gani wa soko? Kesho napita na kikombe changu.