Kampuni ya ujenzi kushirikiana na chuo: PT (mafunzo kwa vitendo) ya wiki 8, wanafunzi wachache wa muda mrefu, au kusaidia idara?

MsimamiziSaiti_Dom
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni msimamizi wa miradi kwenye kampuni ya ujenzi wa majengo hapa Dodoma, kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) tuko daraja la nne. Kila mwaka mwezi wa saba ukikaribia, meza yangu inajaa barua za wanafunzi wanaoomba nafasi ya PT. Wahandisi ujenzi, wakadiriaji majenzi, hata wabunifu majengo. Tunachukua waliowahi, wanakaa, logbook (daftari la kazi za kila siku) inagongwa muhuri, wanaondoka. Sijui hata mmoja wao yuko wapi leo, na hilo linaniuma.

Mwaka huu mkurugenzi amesema tuchague chuo kikuu kimoja tuandikiane makubaliano. Nimeambiwa nilete pendekezo. Naona njia tatu:

A. Tubaki na PT ya wiki 8, ila iwe kwa mpangilio: idara inatuletea wanafunzi 10 kila mwaka.
B. Tuchukue 2 tu, kuanzia likizo ya mwaka wa pili, warudi kwetu kila likizo mpaka wamalize. Tukiridhiana, tunawaajiri.
C. Tuisaidie idara yenyewe: wahandisi wetu waende kufundisha vipindi vichache, tutoe michoro na BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei) za miradi iliyokwisha, wanafunzi waje saiti siku tunazomwaga zege.

Tuna saiti 3 kwa sasa. Aliyepitia yoyote kati ya hizi anisaidie.

Mwl_Nguzo
Nafundisha kwenye idara ya ujenzi, nimewahi pia kuratibu PT, kwa hiyo nakujibu kwa jicho la upande wetu.

A ndiyo inayomwondolea mratibu usingizi mbaya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani), kwa mfano, mwanafunzi wa uhandisi anatakiwa kufanya PT ya wiki 8 baada ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Zidisha hiyo kwa darasa zima, kisha kwa vyuo vingine vyote vinavyotafuta saiti zilezile. Kampuni ikisema "leteni 10 kila mwaka", mratibu anashukuru sana. Lakini kumi kwenye saiti tatu, nani atawafundisha?

C watu wengi huiona kama hisani ndogo. Mimi naililia kila muhula. Michoro ya vitabuni haina makosa, kila kipimo kinakubaliana na kingine. Michoro ya mradi wa kweli unakuta ya mbunifu inaonyesha bimu ya mm 450 na ya mhandisi inaonyesha mm 600, halafu dari ina mabomba ya maji yanayopaswa kupita hapohapo. Mwanafunzi akishindana na hilo darasani, akaandika barua ya kumuuliza mshauri, akangoja jibu, akahesabu gharama ya mabadiliko, amejifunza kitu ambacho mimi na ubao wangu sikiwezi. Ombeni tu kibali cha mshitiri (mwenye mradi) kabla ya kutoa nyaraka zake.

Dada_Mkadiriaji
Nina mengi moyoni kuhusu jambo hili, mnivumilie.

PT yangu ya kwanza niliifanya kwa mkandarasi mkubwa, jina silitaji. Wiki nane nilikuwa ofisini nikitoa fotokopi na kupanga mafaili. Hakuna aliyenionea, ila hakuna aliyeambiwa kwamba mimi ni kazi yake. Logbook nilijaza kwa kunakili ya mwenzangu. Nilirudi chuoni na alama nzuri, na sikujua nondo inafungwaje.

PT ya tatu nilipata kampuni ndogo. Kulikuwa na foromeni, mtu mzima, hana hata diploma. Siku ya kwanza akanipa futi na daftari, akaniambia, "Mwanangu, leo linaingia lori la nondo. Usiniletee idadi peke yake, niletee na uzito." Sikuelewa. Akanieleza: nondo ya mm 12 ina kilo 0.888 kwa mita moja. Urefu ni mita 12, kwa hiyo kila nondo inakaribia kilo 10.7. Tukachukua chache tukaziweka kwenye mzani, zikaja pungufu, na si kwa gramu mbili tatu. Mzigo ule ukarudi kwa aliyeuleta. Mpaka leo sipokei nondo saiti bila kupima, na vijana wangu nimewafundisha hivyohivyo.

Tofauti ya PT hizo mbili haikuwa muda, zote zilikuwa wiki 8. Ilikuwa mtu. Kwa hiyo Msimamizi, njia yoyote utakayochagua, kwenye makubaliano liandikwe jina la atakayemfundisha mwanafunzi, na apunguziwe majukumu mengine kwa saa hizo. Makubaliano yanayosema "kampuni itatoa mafunzo" bila kumtaja mtu yatampeleka mtoto wa watu kwenye mashine ya fotokopi.

Na jingine: kama mtapokea wasichana, choo na mahali pa kubadilishia nguo viwepo kabla hawajafika. Mimi nilikuwa nashinda bila kunywa maji.

KakaStuttgart
Salaam kutoka Ujerumani. Hapa jimbo la Baden-Württemberg B imekuwa mfumo kamili wa chuo. Chuo kinaitwa Duale Hochschule, DHBW. Mwanafunzi kwanza anasaini mkataba na kampuni, ndipo chuo kinampokea. Anakaa takriban miezi mitatu darasani, miezi mitatu kazini, hivyo hivyo kwa miaka mitatu, na kampuni inamlipa hata miezi aliyoko darasani. Uhandisi ujenzi unafundishwa kampasi ya Mosbach. Mfumo ulianza 1974 chini ya jina la Berufsakademie, ukapandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2009.

Kampuni inakubali gharama hiyo kwa sababu kijana akimaliza, anaifahamu kampuni ndani nje. Hakuna miezi sita ya kumzoesha.

Fundi_wa_Kirumba
Kaka, kampuni ya Ujerumani na kampuni ya daraja la nne hapa kwetu haziko kwenye maji mamoja. Sisi tunaishi kwa tenda. Cheti cha malipo kinaweza kukaa mezani kwa mtu miezi, na mishahara inangoja hapo hapo. Ukimwahidi mwanafunzi miaka mitatu, mwaka wa pili ukakosa saiti, utamwambia nini?

Hata hivyo siipingi B. Wiki 8 ni siku 56. Kyubu za zege, yaani vipande vya kupimia nguvu yake, zinapimwa siku ya 7 na siku ya 28. Kwa hiyo mwanafunzi ataona majibu ya siku 28 ya zege lililomwagwa nusu ya kwanza ya PT yake tu, la nusu ya pili hatalijua kamwe. Anafika tunachimba msingi, anaondoka tunasuka nondo za jamvi, ukuta hajauona. Kazi yetu imejaa mambo ambayo ubaya wake hujitokeza baadaye: nyufa, maji kupenya, hesabu ya mwisho na mshitiri. Anayerudi saiti ileile mwaka unaofuata ndiye anayekutana na alichokifanya mwaka jana.

Mwl_Nguzo
Hoja ya kyubu nitaitumia darasani, asante Fundi.

Kuhusu hofu ya saiti kukosekana, waliobuni mfumo huu walikuwa na mbinu inayofaa. Mwaka 1906 Herman Schneider, Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, alianza na wanafunzi 27 wa uhandisi. Aliwapanga wawili wawili kwenye nafasi moja ya kazi: huyu yuko kiwandani, mwenzake yuko darasani, wiki inayofuata wanapokezana. Mwajiri hakukosa mtu. Kalenda yetu hairuhusu kupokezana kila wiki, ila wazo la wawili kwenye nafasi moja mnaweza kulichukua: mmoja wa mwaka wa pili, mmoja wa tatu. Mkubwa anamwelekeza mdogo, na mwaka ukigeuka mdogo anapokea kijiti.

Mkenya_wa_Athi
Mimi niko Kenya, kwetu tunaiita atachi. Mwajiri hulipa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na akifundisha kwa kufuata utaratibu anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama. Huko kwenu mnalipa tozo ya kuendeleza ujuzi kwa asilimia ya mishahara, kwa hiyo ulizeni mapema kama kuna mpango wa uanagenzi mnaoweza kuingia.

Ila kabla ya pesa, andikeni bima. Mwanafunzi akianguka kutoka kwenye jukwaa, chuo kitasema alikuwa kwenu, nanyi mtasema ni wa chuo. Helmeti, buti na reflekta pia iandikwe nani ananunua. Nimeona kijana akipanda ghorofa ya tatu na sandals kwa sababu kila upande ulidhani mwenzake amemnunulia buti.

Dada_Mkadiriaji
Nakuunga mkono kabisa. Niongeze kwa wahandisi: Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) wana mpango wa mafunzo kazini kwa wahitimu, SEAP, tangu 2003, mhitimu anafanya kazi chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka mitatu kabla ya kusajiliwa kama mhandisi mtaalamu. Msimamizi, mwanafunzi wako wa B akimaliza chuo anaweza kuendelea na SEAP hapohapo kwenu, chini ya mtu yuleyule aliyemshika mkono tangu mwaka wa pili. Hapo ndipo naona B inaizidi A kwa mbali.

MsimamiziSaiti_Dom
Asanteni sana, mmenifungua. Nimekaa na foromeni wetu leo mchana, nikamuuliza kama yuko tayari jina lake liandikwe. Amekubali, akaomba tu Jumanne na Alhamisi saa mbili za asubuhi asiitwe na mtu. Nitapendekeza hivi: B kwa wanafunzi wawili, wa mwaka wa pili na wa tatu, pamoja na C kidogo, yaani seti moja ya michoro na BOQ kila mwaka kwa idhini ya mshitiri. Bima alipe chuo, vifaa vya usalama na nauli tulipe sisi. Mwaka tukikosa saiti, watakaa na timu ya tenda wajifunze kuandaa bei, au tuwaombee nafasi kwa mkandarasi mwenzetu. A tunaiacha, ingawa najua mratibu atasikitika.

Mwalimu, nikikutumia rasimu utanipitia?

Mwl_Nguzo
Nitumie, nitaipitia wikiendi hii. Jitahidi iwe imefika kwa mwanasheria wa chuo kabla ya mwezi wa nne, maana wanafunzi huanza kusambaza barua zao mapema. Na mlete foromeni siku ya kusaini. Nataka wanafunzi wamwone.