Naomba ufafanuzi: kuparaza mahindi kuna tofauti gani na kusaga?

Mleta uzi:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Ninafuga kuku 200 wa mayai hapa Kibaha, na wiki iliyopita nilianza kuchanganya chakula mwenyewe baada ya bei ya dukani kunielemea. Kanuni niliyopewa na mfugaji mwenzangu ilitaja "mahindi yaliyoparazwa", lakini kwa kuwa neno hilo sikulifahamu vizuri, nilifika mashineni nikasema tu kwamba naomba kusagiwa gunia moja la mahindi. Nikapewa unga laini kama wa ugali. Tangu siku hiyo kuku wanadonoa vipande vya dagaa na mashudu, unga wanauacha chomboni, na wale wanaoula huwaganda mdomoni hadi nalazimika kuwafuta mmoja mmoja kwa kitambaa. Je, kuparaza ni nini hasa? Ni jambo moja na kupaaza, neno analolitumia mama mkwe wangu wa Unguja anapozungumzia chooko (choroko)? Na huu unga niufanyeje?

Fundi wa mashine:
Pole sana, ndugu. Kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi, na kosa hilo naliona mara kwa mara, kwa sababu mteja akisema "nisagie" nasi tunajua anataka unga. Ndani ya mashine kuna nyundo zinazozunguka kwa kasi na kuipiga punje mpaka iwe ndogo kiasi cha kupenya kwenye matundu ya chekeche, kwa hiyo kinachoamua ulaini ni chekeche lililofungwa. La unga wa ugali lina matundu ya karibu milimita 1. La kuparazia chakula cha kuku wa mayai huwa na matundu makubwa zaidi, kama milimita 4 hadi 6, na mahindi hutoka chengachenga. Kukoboa ni kazi nyingine kabisa: ni kuondoa ganda na kiini kabla ya kusaga sembe, ilhali dona husagwa bila kukobolewa. Siku nyingine sema, "Naomba uniparazie, ni ya kuku," kisha chota kiganja kimoja cha mwanzo ukikague kabla gunia zima halijamiminwa.

Mwalimu wa Kiswahili, Unguja:
Mama mkwe wako yuko sahihi. Kupaaza ni kuivunja nafaka au kunde bila kuifikisha kwenye unga, na ndiyo maana chooko za kupaaza ni zile zilizopasuliwa vipande. Wazee wetu walitumia kijaa, jiwe la juu likizungushwa juu ya la chini. Neno hili lisichanganywe na kupaaza sauti. Kuparaza nako kuna maana ya pili, ya kukwaruza, kama gari linapoparaza ukuta, lakini katika habari za nafaka maneno haya mawili yanafanya kazi moja. Kwa maoni yangu ni hasara kubwa kuyaacha yote yamezwe na "kusaga", kwa kuwa umeona mwenyewe gharama ya neno moja kukosekana.

Afisa mifugo mstaafu:
Naongeza sababu ya kitaalamu. Kuku hana meno; anayesaga ni firigisi, na firigisi hufanya kazi vizuri zaidi ikipata vipande vya kuishughulisha. Unga laini pia hutoa vumbi linalosumbua njia ya hewa, hasa bandani kukiwa hakuna upepo wa kutosha. Gunia lako usilitupe. Paraza mahindi mengine, uyachanganye na huo unga kidogo kidogo, au uuloweshe kwa maji machache hadi ushikane bila kuwa uji, uwape kiasi watakachokimaliza muda huohuo, kisha uoshe vyombo. Chakula kilicholoweshwa kisilale, kwani huchacha na kuota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu.

Mleta uzi:
Nawashukuru sana. Leo asubuhi nimerudi mashineni na debe moja, nikatamka neno lenyewe, na fundi akafungua mashine abadilishe chekeche bila kuniuliza swali lolote. Vipande vimetoka kama chenga za mchele. Nimebaki na swali moja: vifaranga wa wiki mbili nao wapewe ukubwa huohuo?

Afisa mifugo mstaafu:
Hapana, hao waparazie kwa chekeche dogo zaidi, kama la milimita 2 au 3, ili kipande kipite mdomoni bila shida.