Chuo kikichoka na darubini yake, ni haki kuifungia mlango?

Mleta mada:
Wakuu, tubishane kwa hoja. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Chicago kilifunga kituo chake cha kuangalia nyota cha Yerkes, kule Williams Bay, Wisconsin, kwa maelezo kwamba hakichangii tena moja kwa moja kwenye utafiti wake. Kituo kilizinduliwa 1897. Darubini yake kubwa ina lenzi ya upana wa sentimita 102, na katika darubini za lenzi zilizotumika kwa utafiti hakuna iliyoipita mpaka leo. Mwanaastronomia Edwin Hubble alifanyia pale utafiti wa shahada yake ya uzamivu. Chandrasekhar, mtaalamu wa fizikia ya nyota aliyepata Nobel 1983, alifanya kazi pale miaka mingi. Mimi nasema chuo kilikosea.

Mchangiaji wa kwanza:
Urithi haulipi bili ya umeme, mkuu. Lenzi ikizidi ukubwa ule inalemewa na uzito wake, maana hushikwa pembeni tu. Ndiyo sababu wataalamu walihamia kwenye vioo vya kuakisi mwanga, ambavyo hubebwa kwa nyuma. Chicago yenyewe imo kwenye mradi wa darubini kubwa ya Magellan huko Chile. Hela iende wapi, Chile au kukarabati kuba la karne ya 19?

Mleta mada:
Umejibu la utafiti, mimi nauliza la kufundisha. Sakafu nzima ya kuba lile, upana wake kama mita 23, hupanda na kushuka kama lifti ili mtazamaji aifikie darubini popote inapoelekea. Mwanafunzi aliyepandishwa na sakafu ile akaiona Zohali na pete zake kwa jicho lake, utampa nini badala yake? Faili la data?

Mchangiaji wa pili:
Mnazunguka tu. Kuacha si kosa, kosa ni namna walivyoacha. Mwaka 2006 chuo kilitaka kuuza eneo lile kwa kampuni ya hoteli na nyumba za kifahari. Wakazi wakachachamaa, mpango ukafa. Hapo onyo lilishatolewa. Bado 2018 wakafunga kabla hawajampata mrithi, na taasisi ya Yerkes Future Foundation ikakabidhiwa kituo Mei 2020. Wageni walirudi 2022. Na wewe wa bili, taasisi ile inajiendesha kwa michango na tiketi za wageni. Ziara chuo nacho kilikuwa nazo, kwa hiyo tusiambiane kwamba haikuwezekana.