Carnival usiku 5 au Royal Caribbean usiku 7 kutoka Galveston: tipu na gharama za ndani

MamaIlham, Houston
Habari zenu wakuu. Tunataka kupanda meli ya kitalii na familia kutoka Galveston, likizo ya shule mwezi wa sita. Nina bei mbili mezani za kampuni mbili: Carnival usiku 5 na Royal Caribbean usiku 7. Nauli hazijapishana sana, ila nasikia tipu na vitu vya ndani ndivyo vinavyomaliza pesa. Ipi ni nafuu ukishapanda? Kianzio kinatakiwa Ijumaa.

Kilindini77
Dada, hujasema mko wangapi. Watoto wana umri gani? Vyumba vingapi? Mnatumia pombe? Mtalipa kwa kadi gani? Bila hayo kila mtu atakupa hesabu ya familia yake.

Umri ndio wa kwanza. Carnival haitozi tipu ya kila siku, ile inayoingia yenyewe kwenye akaunti yako ya meli, kwa mtoto aliye chini ya miaka 2. Royal Caribbean inatoza kila kichwa, hata kichanga.

BabaZuwena
Chukua Royal bila kusita. Ukuta wa kupanda na mashine ya mawimbi vimo ndani ya nauli. Watoto wanashinda huko kutwa nzima bila kugusa kadi.

Mgosi_Dallas
Carnival nayo ina mabomba ya kuteleza ya bure, usimpoteze mwenzako. Kuhusu tipu, siku ya kwanza nenda dawati la huduma uzifute zote. Unampa mhudumu wa chumba mkononi mwake, unamwona anapokea.

MamaIlham
Samahani, niliharakisha. Tuko watano: mimi, mzee, na watoto wa miaka 14, 9 na mwaka mmoja na nusu. Nilifikiria chumba kimoja. Pombe hatutumii. Tutalipa kwa kadi ya debiti.

Kilindini77
Sasa tunaweza kuhesabu.

Carnival ilipandisha tipu hadi dola 16 kwa mtu kwa siku mwaka 2023, chumba cha kawaida. Mnatozwa wanne, mdogo hahesabiwi: 16 × 4 × 5 = dola 320. Royal ni dola 18.50 kwa mtu kwenye vyumba vya kawaida, na wote watano mmo: 18.50 × 5 × 7 = dola 647.50. Hata ukigawa kwa usiku, ni 64 dhidi ya 92.50. Viwango hivi hupanda kila baada ya muda, kwa hiyo soma kilichoandikwa kwenye bukingi yako. Ukilipia tipu mapema pamoja na nauli, unabaki na bei ya siku uliyolipa hata wakipandisha baadaye.

Halafu chumba. Vingi vinalaza wanne tu, na mtoto wa kubebwa naye ni kichwa kwa sababu ya hesabu ya boti za kuokolea. Vya watano vipo vichache na huisha mapema. La sivyo chukueni viwili vyenye mlango wa kati. Andikisheni mzazi mmoja kila chumba, mkishapanda ombeni funguo za ziada dawatini mlale mnavyotaka. Bei yako ni ya chumba kimoja au viwili? Huenda hiyo ndiyo sababu nauli zinakaribiana.

Baharia_Mtongwe
Mgosi, ushauri wako wa kufuta tipu unawaumiza watu usiowaona. Ile pesa ya kila siku haiendi kwa mhudumu wa chumba peke yake. Inagawanywa kwa wahudumu wa meza na wasaidizi wao, na kampuni nyingi zinaingiza pia watu wa nyuma: jikoni, dobi, wanaosafisha korido usiku. Anayekunja taulo sitaha za chini hutakutana naye safari nzima, utampaje mkononi? Na kwenye baadhi ya kampuni, mgeni akifuta tipu, mhudumu anatakiwa kuzipeleka kwenye mfuko wa pamoja zile alizopewa mkononi. Unaona umempa, kumbe hazikai kwake.

Acha ile ya kila siku kama ilivyo. Ya ziada ndiyo utoe taslimu: mhudumu wa chumba dola 20 au 30 kwa safari, hasa mkiwa na mtoto wa pampasi, na aliyewahudumia mezani kila jioni. Anayeleta chakula chumbani, dola 2 au 3. Wachukuzi wa gatini Galveston si watu wa meli, wape dola 1 au 2 kwa begi. Toka nyumbani na noti za dola 1 na 5, kwa sababu foleni ya chenji dawatini siku ya mwisho ni ndefu.

Mgosi_Dallas
Kwa nini kampuni isilipe mishahara kamili yenyewe? Mgeni keshalipa nauli.

Zainab_Leicester
Zipo zinazofanya hivyo. P&O Cruises ya hapa Uingereza iliondoa tipu za kila siku mwaka 2019, zimo ndani ya nauli. Marella nao vivyo hivyo, tena na vinywaji ndani. Mnapanda Southampton, hesabu ni kwa pauni, hakuna mtu wa kukukatia asilimia. Mimi ningemwambia dada aje huku.

Kilindini77
Zainab, watu watano kwa ndege kutoka Houston hadi Southampton wameshalipa tipu za miaka kumi. Na mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania atahitaji visa ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja, meli zikipita Uhispania na Ufaransa.

BibiShangani
Mama Ilham, narudi kwenye kadi ya debiti, hapo ndipo penye shimo. Kuna familia ya hapa Houston walipanda meli ya kampuni moja, sitaitaja, na kadi waliyosajili ni ile ile inayopokea mshahara. Mfumo wa meli haukati pesa papo hapo. Unaiambia benki ishikilie kiasi, na kila mnaponunua kitu unaongeza kingine juu yake. Siku ya kushuka meli ikakata jumla nzima kwa mkupuo, lakini vile viasi vya awali benki ikawa bado imevishikilia. Kwa hiyo pesa ile ile ikazuiwa mara mbili. Malipo ya kodi ya nyumba yakakataliwa, ya bima ya gari yakakataliwa, kila moja na faini yake. Walipiga simu kwa kampuni, kampuni ikasema imeshaachia. Wakapiga benki, benki ikasema subirini siku za kazi. Zilipita zaidi ya siku kumi ndipo zikafunguka. Hakuna aliyewaibia, ndivyo debiti inavyofanya kazi kwenye meli.

Tumia kadi ya krediti. Kama huna, weka taslimu dawatini siku ya kupanda. Akaunti ikiisha unaongeza, ikibaki unarudishiwa. Kadi za zawadi za Carnival nazo zinaingia kwenye akaunti, na mara nyingine huuzwa kwa punguzo kabla ya safari.

Baharia_Mtongwe
Kweli kabisa. Na watoto wa miaka 9 na 14 watapewa kadi zao zinazofungua chumba na pia kununua. Nendeni nao dawatini siku ya kwanza, mwombe kadi zao zifungiwe manunuzi au ziwekewe kikomo. Ukumbi wa michezo ya video unakula pesa kimya kimya, kila mguso wa kadi ni dola kadhaa.

Risiti ya kinywaji nayo isome kabla ya kusaini. Asilimia 18 au zaidi ya huduma imeshaingia, lakini chini kuna mstari mtupu wa tipu ya ziada. Wengi huujaza wakidhani hawajalipa.

BabaZuwena
Kwa msiotumia pombe msinunue pakeji kubwa ya vinywaji. Kwenye kampuni zote mbili, mtu mzima mmoja chumbani akinunua pakeji ya pombe, wa pili analazimika kununua. Maji, chai, kahawa ya kawaida, limau na juisi ya asubuhi ni bure. Soda ndiyo ya kulipia. Carnival inaruhusu kila mtu kupanda na makopo 12, kwenye begi la mkononi, chupa hawataki. Royal ni makopo 12 kwa chumba.

Kilindini77
Hapo tena Carnival inashinda: hata bila kumhesabu mdogo, wanne ni makopo 48.

Mdogo wenu asikusahaulishe mambo mawili. Mtoto wa pampasi haruhusiwi kwenye mabwawa makubwa, hata akivaa ya kuogelea, ni sheria ya afya ya Marekani. Na klabu ya watoto ya bure Carnival inaanza miaka 2, Royal miaka 3 na awe ameacha pampasi. Royal baadhi ya meli zina chumba cha vichanga kuanzia miezi 6, unalipa kwa saa. Pampasi bebeni za kutosha, dukani ndani ni ghali na saizi huwa chache.

Mwanakwerekwe_Ohio
Swali la pembeni. Mtu ambaye ombi lake la hifadhi ya ukimbizi Marekani bado halijajibiwa anaweza kupanda meli hizi zinazopita Mexico?

BibiShangani
Asipande! Meli ikigusa Cozumel, kisiwa cha Mexico, ameshatoka Marekani. Kutoka bila kibali cha kusafiri kilichotolewa mapema kunachukuliwa kama ameliacha ombi lake. Aongee na wakili kwanza. Raia anaruhusiwa na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho kama meli inarudi bandari ile ile, mwenye green card aibebe.

MamaIlham
Asanteni sana. Nimeangalia tena, bei ya Royal ilikuwa ya watu wanne! Nawapigia kesho. Mzee bado anataka Royal kwa sababu inapita Roatán, kisiwa cha Honduras.

Kilindini77
Akipata Roatán, mwambie simu ibaki kwenye saa ya meli. Honduras haibadilishi saa, kwa hiyo mwezi wa sita iko nyuma ya Galveston saa nzima. Nahodha asipobadilisha saa ya meli, simu iliyojibadilisha ikisoma saa tisa na nusu alasiri, ndani ya meli ni saa kumi na nusu. Mkichukua matembezi ya meli, itawasubiri. Mkichukua teksi yenu wenyewe, haiwasubiri.